Mzamivu na Kamba Yake

Walioipa shahada ya juu kabisa jina la uzamivu walikuwa watu wa lugha. Kwingineko shahada hiyo huitwa kwa jina la udaktari au la falsafa, majina ya cheo na ya hekima. Kiswahili kimeipa jina linalotokana na kuzama. Mtu wa mwambao hahitaji kufafanuliwa. Anajua kuwa chini ya maji hakuna mazungumzo, kuwa pumzi ni ya kuhesabu, na kuwa kinachotafutwa huko hakionekani na aliyekaa chomboni. Anajua pia jambo la pili, ambalo wasomi aghalabu hulisahau: mzamiaji hazami peke yake.

Katika Ghuba, kabla biashara ya lulu haijaporomoka katika miaka ya 1930, kila mzamiaji alikuwa na mwenzake juu ya chombo. Mzamiaji alishuka kwa uzito wa jiwe, kikapu shingoni, pua imebanwa. Mwenzake alishika kamba. Wengi katika wazamiaji hao walikuwa watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani hii ya Afrika Mashariki, na watoto wao. Hiari ya kwenda au ya kutokwenda hawakuwa nayo. Walakini kazi yenyewe ilikuwa na kanuni ambayo hata nahodha mkali hakuweza kuipindua bila ya kupoteza mtu na mali: aliye chini ndiye anayetikisa kamba, na aliye juu sharti avute. Hakuna aliyevutwa juu, mkono wake ukiwa juu ya chaza, kwa sababu saa iliyopangwa na watu wa chomboni imefika.

Kanuni hiyo inafaa ikumbukwe siku hizi, vyuo vikuu vinapojadili kama mafunzo ya kujiendeleza yawe ya lazima au ya hiari kwa wanafunzi wa uzamivu. Mafunzo yanayosemwa ni yale yaliyo nje ya utafiti wenyewe: namna ya kuandika maombi ya fedha, namna ya kuzungumza mbele ya hadhira, programu za takwimu, usimamizi wa muda, uongozi, ufundishaji, uandishi wa makala za majarida, utafutaji wa kazi. Kwa aliyeko ofisini mjini, suala hili ni dogo, la kalenda na karatasi ya mahudhurio. Kwa aliyeko Njombe na daftari lake, huenda likawa suala la kukipata au kukikosa kile alichokizamia.

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, mahali ambapo mgeni kutoka Unguja hushangaa kuona watu wamevaa makoti adhuhuri ya mwezi wa Julai. Mkoa wenye jina hilo ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Iringa, na sensa ya 2022 iliukuta na watu karibu laki tisa. Ni nchi ya Wabena, Wakinga, Wapangwa na wengineo; nchi ya chai, ya viazi mviringo, ya misitu ya mbao, na siku hizi ya maparachichi. Makambako, kilomita zipatazo 60 kutoka hapo, ndiyo mlango wake. Hapo barabara ya kwenda Songea huachana na barabara kuu iendayo Zambia, na hapo husimama gari moshi la TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Njombe ni mji wa kukaa, Makambako ni mji wa kupita; na mtafiti asiyeijua tofauti hiyo hukaa panapopitwa na kupapita panapokaliwa.

Nchi hiyo imewavuta watafiti wengi. Mwanahistoria James Giblin, pamoja na Blandina Kaduma Giblin, alikusanya huko masimulizi yaliyozaa kitabu kilichotoka mwaka 2005, kuhusu namna watu wa Njombe walivyoifanya jamaa kuwa kimbilio lao mbele ya dola katika karne ya 20. Mwaka 2011 Michelle Morrison alipata uzamivu wake katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, kwa tasnifu ya sarufi ya Kibena. Mwaka 2017 Rasmus Bernander alipata wake Gothenburg, Uswidi, kwa sarufi ya Kimanda, lugha ya ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Watu wa afya nao wamekuja, na kilichowaleta ni msiba: utafiti wa kitaifa wa 2011–12 uliikuta Njombe na maambukizi ya virusi vya UKIMWI ya asilimia 14.8 miongoni mwa watu wazima, kiwango kilichoushinda mkoa wowote nchini. Wa 2016–17 ukakuta asilimia 11.4, wa 2022–23 ukakuta asilimia 12.7, na Njombe ikawa ingali juu ya mikoa yote. Basi ni watu waliozoea kuulizwa maswali. Wamejibu mengi, na majibu yao yamepanda magari kwenda mbali.

Na achukuliwe mwanafunzi mmoja wa uzamivu miongoni mwa wanaofika huko. Si mtu fulani. Ni wengi waliokusanywa katika mmoja, na yeyote aliyepita katika vyuo vikuu vya Tanzania atawatambua. Ni mwanamke mwenye miaka arobaini na ushei, mhadhiri msaidizi katika chuo chake, mama wa watoto wawili. Amefundisha miaka kumi na miwili. Ada ya masomo analipiwa nusu. Nusu ya pili inatoka mfukoni mwake. Anasoma uzamivu kwa kuwa anaipenda elimu, na pia kwa kuwa pasipo shahada hiyo hawezi kupanda kuwa mhadhiri kamili. Utafiti wake ni wa maneno na misemo ya ulanzi, na namna misemo hiyo inavyoweza kuvukishwa kutoka Kibena kuja Kiswahili bila ya kuzama njiani.

Ulanzi ni kinywaji cha mianzi. Chipukizi la mwanzi hukatwa ncha asubuhi na jioni, likatoa maji yake matamu, yakakingwa. Mpya na mtamu huitwa mtogwa. Uliokwisha kukolea ukali huitwa mkangafu. Msomaji wa pwani atatabasamu, kwani tembo la mnazi nalo lina tamu na kali, na kitenzi ni kile kile: kugema. Walakini mgema wa pwani hupanda, na mgema wa Njombe huinama. Anayepanda mnazi huona mbali, na misemo yake imejaa upepo, urefu na kuanguka. Anayeinama kwenye mwanzi huona mkono wake, kisu chake, na chombo cha jirani kilicho kando ya chake. Hapo ndipo kazi ya mfasiri inapoanza, na haianzi kwa kamusi. Inaanza kwa kukaa.

Na kukaa kwenyewe kuna msimu wake. Ulanzi hutoka kwa wingi wakati wa mvua. Mvua zikikatika, mianzi hunyamaza, na watu wa ulanzi nao huhamia katika mazungumzo mengine. Kwa mtafiti huyu, miezi ya mvua ni soko na ghala: asichokisikia katika miezi hiyo atakingoja mwaka mzima, na mwaka mzima ni ada nyingine.

Katika miezi hiyo ndipo bibi mmoja wa kijijini alipoanza kumzoea. Mwezi wa kwanza alimjibu kwa Kiswahili cha wageni, kifupi na safi. Mwezi wa pili akaanza kumsahihisha salamu, kwamba "kamwene" haisemwi kwa haraka kama mtu anayelipa deni. Mwezi wa tatu akaanza kusema naye huku mikono yake inafanya kazi, na hiyo ndiyo alama ya kuaminiwa. Kibena kina zaidi ya wakati mmoja uliopita. Kitenzi hubadilika umbo kwa kadiri tendo lilivyo karibu au mbali. Kiswahili kinasema "alikuja" kwa aliyekuja asubuhi na kwa aliyekuja zama za Wajerumani. Mtafiti alikuwa amezisoma nyakati hizo katika vitabu, lakini alikuwa hajazisikia zikitumika mahali ambapo kosa lina maana. Siku moja bibi alimtaja marehemu mumewe kwa umbo la kitenzi la mambo ya karibu. Mtafiti akadhani bibi ameteleza. Alipouliza, aliambiwa kwa upole kuwa kuna watu ambao kufa kwao hakutoki jana kukaenda juzi.

Wiki iliyofuata ujumbe ukaingia katika simu yake. Chuo kilimtaka ahudhurie warsha ya siku tano juu ya usimamizi wa muda na stadi za mawasiliano. Mahudhurio ni ya lazima. Asiyehudhuria hatapewa ruhusa ya kuwasilisha ripoti ya maendeleo.

"Unakwenda kusoma nini tena, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Wananiita chuoni, bibi. Kuna mafunzo ya namna ya kuzungumza na watu."

Bibi alifikiri kidogo. "Nenda, maadamu umeitwa. Wewe utarudi. Mianzi ndiyo isiyongoja."

Njia ya kwenda Dar es Salaam inapita Makambako, na kutoka hapo kuna zaidi ya kilomita 600. Basi husimama, na abiria hupata muda wa kutazama magunia ya viazi yakipakiwa. Gunia la viazi la nyanda za juu lina jina lake, lumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha juu yake hushonewa kilemba cha kamba au kipande cha gunia jingine, na kilemba hicho nacho hujazwa. Bei ni ya gunia moja. Uzito ni wa gunia moja na kitu. Serikali imelipiga marufuku mara nyingi, Wakala wa Vipimo wamekamata na kutoza faini, na wakulima wamelalamika miaka nenda miaka rudi, kwa sababu kilemba hakilipwi. Anayekibeba ni mkulima peke yake.

Uzamivu nao umekuwa lumbesa. Muda wake ni ule ule, miaka mitatu au minne kwa maandishi na mingi zaidi kwa hakika. Ada yake haipungui. Lakini juu ya tasnifu kimeshonewa kilemba, na kila mwaka kilemba kinaongezwa kipande. Nchini Kenya, viwango vilivyotolewa mwaka 2014 na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vilimtaka mwanafunzi wa uzamivu awe amechapisha makala mbili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu. Nia ilikuwa njema. Lakini penye lazima ya kuchapisha, soko la majarida ya kulipia halikawii kufungua milango, na mwanafunzi hulipa ili kilemba chake kijae.

Haya hayakuanzia Afrika Mashariki. Mwezi wa Aprili 2002 Gareth Roberts alitoa ripoti kwa serikali ya Uingereza juu ya upungufu wa wanasayansi na wahandisi. Aliona kuwa wanafunzi wa uzamivu wanatoka vyuoni wakijua jambo moja kwa kina na hawajui namna ya kulieleza wala kulitumia nje ya maabara. Akashauri kila mmoja apatiwe angalau wiki mbili za mafunzo ya stadi kwa mwaka, na fedha zitengwe. Fedha zikatengwa. Mwaka 2005 vyuo vikuu vya Ulaya vilikubaliana huko Salzburg juu ya misingi kumi ya masomo ya uzamivu, na stadi za namna hiyo zikatajwa humo. Msomaji aliangalie neno la Roberts: apatiwe. Lilikuwa neno la haki. Mwanafunzi ni mwenye kudai, chuo ni mwenye kudaiwa. Safarini, neno hilo lilibadilika katika vyuo vingi likawa ahudhurie, na mwenye kudai akageuka mdaiwa. Wafasiri wanajua jinsi sentensi inavyoweza kuvuka mpaka na maneno yake yote, ila mtenda na mtendwa wakabadilishana viti.

Lipo jingine ambalo Ulaya haina na Tanzania inalo kwa wingi: desturi ya warsha. Nchini humu warsha ina chai ya saa nne, ina bahasha ya posho, ina picha ya pamoja, na ina cheti. Mtu anaweza kuwa na vyeti ishirini vya usimamizi wa muda, na muda wote huo ameupoteza katika kuvitafuta. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na mafunzo yanayosifiwa kwa wingi wa waliohudhuria hayana sababu ya kuwa mazuri. Waliohudhuria walilazimishwa. Mwalimu ambaye wanafunzi wake hawawezi kutoka chumbani hajui kamwe kama anafundisha.

Hapana budi pia kuuliza ni nani anayefunzwa. Mafunzo haya yalitungwa kwa ajili ya kijana wa miaka 24 aliyetoka darasani akaingia maabara, hajawahi kuajiriwa. Mwanafunzi wa uzamivu wa Tanzania mara nyingi ni mtu mzima, mwajiriwa, aliyefundisha madarasa ya mamia, aliyesimamia mitihani, aliyezungumza na wazazi, madiwani na wahasibu. Kumweka siku tano afunzwe kuzungumza mbele ya hadhira ni kumfunza mvuvi kuloa.

Wenye kuipinga lazima hupenda kuwataja waliotangulia, na mifano haikosekani. Farouk Topan alizichunguza nyimbo za pepo za Mombasa akapata uzamivu London mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ebrahim Hussein wa Kilwa alipata wake Berlin mwaka 1975 kwa kuchunguza maendeleo ya tamthilia Afrika Mashariki. Euphrase Kezilahabi alipata Wisconsin mwaka 1985, na Mugyabuso Mulokozi mwaka 1986 Dar es Salaam, kwa tendi za enanga za Wahaya. Hakuna aliyeuliza kama walipata cheti cha usimamizi wa muda. Hoja hii inapendeza, lakini haitoshi. Wanaotajwa ni walioibuka. Waliozama wasiibuke hawana orodha: waliokatiwa ufadhili, waliosahauliwa na wasimamizi, walioogopa kuuliza, waliorudi nyumbani na masanduku ya kanda za sauti zisizosikilizwa na mtu. Laiti wangeshikiwa kamba, huenda wangekuwamo katika orodha ya leo.

Kisha lipo la uzito zaidi. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa-Mvumi, wilayani Chamwino mkoani Dodoma, watu watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na wanakijiji. Walikuwa katika kazi ya kupima udongo. Walidhaniwa kuwa ni wanyonya damu. Katika Njombe yenyewe, mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, watoto walitekwa na kuuawa, na hofu ikaufunika mkoa mzima. Wazazi waliwasindikiza watoto skuli, na kila sura ngeni ikawa swali. Mtafiti anayeingia kijijini na vyombo vya kupimia au na daftari anaingia katika kumbukumbu za watu, na kumbukumbu hizo zinaweza kumuua au zinaweza kuwaumiza wao. Kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia ni karatasi. Barua ya mkoa, ya wilaya na ya kata ni karatasi. Namna ya kuingia kwa mwenyekiti wa kijiji, kuketi, kujieleza mpaka ueleweke, na kuondoka siku ambayo hukueleweka, si karatasi. Ni elimu, na watu hufa kwa kuikosa.

Hali kadhalika kwa wa afya. Mtafiti anayemwuliza dada wa nyumba ya wageni Makambako juu ya madereva wa malori na virusi vya UKIMWI anashika siri inayoweza kuvunja ndoa na kumfukuzisha mtu kazi. Haiwezekani elimu ya kuilinda siri hiyo iachwe kwa hiari ya mtafiti, kana kwamba ni somo la uchoraji. Hiari hapo ingekuwa hiari ya kumdhuru mtu mwingine.

Basi mpaka uko wapi? Haufai kuchorwa kwa majina ya kozi, kwani jina la kozi hubadilishwa kila mwaka. Unafaa kuchorwa kwa kuuliza: nani ataumia kama fundisho hili halikupatikana? Likiwa ni mwingine, yaani mhojiwa, mwanakijiji, mgonjwa, mwanafunzi wa shahada ya kwanza atakayefundishwa na mtafiti huyo, au hata dereva atakayempeleka, fundisho liwe la lazima, litolewe mapema, kabla mtu hajapanda basi la kwenda uwandani, na litolewe na watu waliokwisha kuingia vijijini. Akiwa atakayepungukiwa ni mtafiti mwenyewe, katika cheo chake, mshahara wake au wasifu wake, basi ni mtu mzima, na aachiwe. Kwa kipimo hicho maadili ya utafiti ni lazima. Usalama ni lazima. Utunzaji wa sauti na majina ya watu ni lazima. Uongozi, maombi ya fedha, usimamizi wa muda na utafutaji wa kazi ni hiari.

Wapo watakaosema, na wana haki ya kusema, kuwa hiari ina hila yake. Anayehitaji sana msaada ndiye asiyeutafuta. Mwenye haya hataenda. Mama mwenye mtoto mchanga hataenda. Na lipo baya kuliko hayo: likishakuwa la hiari, msimamizi atasema, "Si la lazima, basi kaa umalize kazi yangu." Hiari iliyoandikwa kwa jina la mwanafunzi itatumiwa na mkubwa wake, kama ardhi ya yatima inayolimwa na ami. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote za upande wa lazima, na haijibiki kwa kuipuuza.

Jibu lake limo katika kamba. Kanuni ya wazamiaji ilikuwa na pande mbili, na walioacha upande mmoja waliua watu. Hiari ilikuwa ya aliye chini. Lazima ilikuwa ya aliye juu. Mwanafunzi awe na hiari ya kuhudhuria, na chuo kiwe na lazima ya kutoa: mafunzo yawepo, yawe mazuri, yarudiwe mara nyingi kwa mwaka ili aliyekosa msimu mmoja apate mwingine, na siku alizozichagua mwanafunzi zisiweze kuzuiwa na msimamizi wala na mkuu wa idara. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimejengwa juu ya wazo kuwa elimu inaweza kumfuata mtu alipo, kwa vituo vya mikoani. Wazo hilo lingeweza kuazimwa hata na vyuo vya bweni. Jambo la kufunza kwa siku tano Dar es Salaam laweza kufunzwa kwa jioni tano Njombe, au kwa sauti iliyorekodiwa, msimu wa kiangazi, mianzi ikiwa imenyamaza.

Upo pia mfano wa karibu wa lazima iliyofanywa kwa adabu. Umoja wa mafunzo ya juu ya utafiti barani Afrika uitwao CARTA, uliasisiwa mwaka 2008, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimo ndani yake. Wenye ufadhili wake hupitia semina nne za pamoja, zilizopangwa kwa hatua za utafiti: ya mwanzo wakati wa kuunda swali, ya mwisho wakati wa kutoka. Hapo lazima ipo, lakini mtu aliikubali alipoupokea ufadhili, na chuo kinajua kila semina inamkuta mwanafunzi wapi. Lumbesa haina sifa hizo. Lumbesa ni mzigo ulioshonewa juu na mtu ambaye hatoubeba.

Na ipo hesabu moja ambayo hakuna karatasi ya mahudhurio inayoifanya. Yule mwanafunzi wa Njombe alikuwa amekwisha kupata mafunzo. Alifunzwa salamu, kwa kusahihishwa. Alifunzwa kusubiri. Alifunzwa kuuliza swali lisilomwaibisha aliyeulizwa. Alifunzwa umbo la kitenzi ambalo vitabu vilimwonyesha na mjane akamfahamisha. Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyeishi kutoka 1927 hadi 2017, hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Utungo aliupokea kwa bibi yake, na watafiti wa ndani na wa nje waliokwenda kujifunza kwake walirudi makwao na shahada. Hakuna aliyewahi kuziandika saa walizokaa naye kuwa ni mafunzo ya kujiendeleza. Kama chuo kinataka kuhesabu siku kumi kwa mwaka, na kianze kwa kuzihesabu siku hizo.

Mtafiti yule alirudi kutoka katika warsha na cheti. Mvua zilikuwa zimepungua. Bibi alikuwapo, mzima wa afya, alhamdulillahi, lakini mazungumzo yalikuwa yamehamia kwenye mahindi, na mianzi ilikuwa imekauka ncha. Katika daftari la mtafiti kuna ukurasa ulioandikwa juu yake swali moja la Kibena kuhusu vitenzi na wafu, na chini yake pako wazi. Utajazwa mwakani, kama ada itapatikana, na kama bibi atakuwapo. Lugha ya Kibena haitakufa kwa ukurasa mmoja. Lakini kurasa za namna hiyo ziko katika madaftari mengi, na aliyeamua siku ya warsha hajawahi kuziona.